Nafasi Kati Yangu na Kinyozi

Jumanne, 3 Machi

Nimeanza dini leo. Sababu ni mbili: Mungu, na Fundi Cherehani. Mungu nimemtaja kwanza kwa heshima.

Mama yake Fundi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Kasema bila kupepesa macho: asiyebatizwa hamwoi binti yake, hata aje amebebwa na malaika. Ubatizo ni Pasaka. Kabla ya hapo Padre anatutahini. Ukianguka, ni mpaka Pasaka ya mwakani. Mwakani! Mwanamke mzuri vile, anashona suti za wanaume, anawapima vifua kila siku. Mwakani nitamkuta wapi?

Mimi ni muuza miwani. Sinia kifuani, kelele mdomoni. Shule niliiacha darasa la nne, na maisha hayajawahi kuniuliza swali la darasa la tano.

Katekista ni mzee mwembamba, sauti kama karatasi inayokunjwa. Anatufundisha alasiri kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Benchi moja refu, toka dirishani hadi ukutani. Anauliza kwa mpangilio wa kitabu, na sisi tunajibu kwa mpangilio wa benchi. Wa kwanza swali hili, wa pili linalofuata. Harudi, haruki. Kipindi kijacho anaendelea pale alipoishia.

Nimetabasamu mwenyewe. Wenzangu wanakariri kitabu kizima. Mimi nahesabu watu, najua swali langu, nakariri hilo moja. Wajinga ndio waliwao.

Ijumaa, 6 Machi

Aibu!

Hesabu niliipiga vizuri. Kinyozi, jirani yangu wa benchi, alikuwa na swali la malaika ni nani. Mimi ninayemfuata: malaika wema hufanya nini? Nimelikariri toka asubuhi. Mteja kaniuliza bei ya miwani, nikamwambia wanatulinda mchana na usiku.

Kinyozi kajibu kwa mbwembwe, utadhani kawanyoa hao malaika yeye. Nikakohoa, nikajiweka sawa. Katekista hakunitazama. Alitazama nafasi tupu iliyo kati yangu na Kinyozi. Akaiuliza: malaika wema hufanya nini? Akangoja. Kainamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza mtu wa sauti ndogo. Akasema vizuri sana. Ndipo akanigeukia mimi: na mashetani, je, wao hufanya nini?

Nilikuwa na jibu moja tu mfukoni. Nikalitoa. Wanatulinda mchana na usiku, na kutuombea kwa Mungu.

Kinyozi kacheka mpaka kaletewa maji. Kaniita Katekista wa Mashetani. Ukumbi mzima umelipokea hilo jina.

Kelele zilipotulia nikaangalia benchi vizuri. Tumebanana kama njiti za kiberiti. Bibi Mishumaa, mama mzee anayeuza mishumaa pale getini, kakaa nusu kwenye ubao, nusu hewani. Lakini ile nafasi ya mtu mmoja iko wazi. Hakuna anayeigusa. Hata Kinyozi, mwenye mapaja ya kujaza baiskeli mbili, kayakusanya yasifike pale.

Jumanne, 10 Machi

Akili ni mali. Nimefikiria siku nne nzima. Pale pasipo na mtu, Katekista anauliza, hajibiwi, anasema vizuri sana. Kwa hiyo anayekaa pale hahitaji kujua chochote! Anyamaze tu, asifiwe.

Leo nikawahi, nikakaa hapo.

Ubao ulikuwa wa moto. Si joto la jua, dirisha liko mbali. Joto la mtu, kama kuna mtu aliyeinuka sasa hivi. Halafu nikasikia tiki tiki, tiki tiki, ndogo sana, chini ya sikio langu la kushoto. Ukumbi hauna saa. Nikatazama mikono ya Kinyozi. Hana saa.

Watu walipoingia wakaniona, wakasongamana mlangoni. Bibi Mishumaa kanipungia mkono niondoke, kama anayefukuza kuku jikoni. Nikamkonyeza.

Katekista kanifikia. Kasimama muda mrefu. Kauliza sakramenti ni nini. Mimi nimeufunga mdomo, nangoja sifa zangu.

Mdomo ukafunguka.

Sikuufungua mimi! Ukafunguka wenyewe, ukajibu polepole, kwa adabu. Ni ishara inayoonekana ya neema isiyoonekana, iliyowekwa na Yesu Kristo ili kututakatifuza. Ukaendelea, ukazitaja zote saba kwa mpangilio. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya meno yangu, nasikiliza kama wengine.

Katekista kasema vizuri sana. Machozi yakamlenga. Kinyozi kaacha mdomo wazi, inzi angeweza kupangisha.

Njia nzima nimekimbia. Nilipofika nyumbani nikacheka. Nimepata mashine!

Ijumaa, 13 Machi

Bibi Mishumaa kanivuta kanzu kabla ya kipindi. Kaniambia, mwanangu, hapo pana mwenyewe. Alikuwa fundi saa. Miaka yote kakaa hapo kujifunza, hakukosa kipindi, kitabu chote kikamwingia. Akafa Kwaresima ya mwaka jana, ubatizo ukiwa mlangoni. Katekista ndiye aliyekuwa rafiki yake. Hajaweza kumruka.

Nikamuuliza, sasa roho yake inahangaika? Kanishangaa. Kasema hata kidogo, aliyeutamani ubatizo kwa moyo wote Mungu hamfungii mlango, liko kitabuni, ningesoma ningelijua. Yule yuko salama. Anapenda tu kujibu.

Halafu kashusha sauti. Kasema nisikae pale kwa sababu nyingine. Fundi saa hakujua kusema uongo. Saa yako ikiwa imekufa alikuambia imekufa, hata kama ulikuwa unalia.

Nikamwambia bibi, mimi nataka majibu yake tu, tabia abaki nayo.

Nimekaa. Nimejibu kuhusu kitubio mpaka Katekista kafumba macho kwa raha. Kipindi kikaisha, na mimi bado nimekaa, nafurahia joto. Kinyozi akaniuliza kwa kejeli kama ile miwani niliyomuuzia ni ya kusomea kweli. Nikataka kumwambia ni ya daktari. Mdomo ukasema: hapana, hicho ni kioo tu, kama cha dirisha lako.

Kinyozi kanifukuza mpaka kwenye mnara wa kengele.

Ni bahati mbaya tu. Ulimi uliteleza.

Alhamisi, 19 Machi

Mambo ni moto. Habari zimemfikia Mama Mwenyekiti kwamba muuza miwani anajibu kama askofu. Leo kapita barabarani, kanunua miwani kwangu! Kaniita baba. Fundi naye kaniambia kanishonea shati jeupe la ubatizo. Kanipima kifua mwenyewe. Kaniuliza mbona moyo unakwenda mbio hivyo. Nikamwambia ni kwa ajili ya kusoma sana.

Bibi Mishumaa kanionya tena. Kasema Padre haulizi ya kitabuni tu. Wivu wa wazee.

Jumamosi, 21 Machi

Nisiandike. Naandika.

Ukumbi umejaa, siku ya mtihani wa Padre. Mama Mwenyekiti yuko nyuma yetu na akina mama wenzake, amevaa miwani yangu, anapapasa kiti. Fundi kasimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni. Padre kakaa mbele yetu, Katekista pembeni yake. Mimi kwenye joto langu. Tiki tiki leo ilikuwa kubwa, nikashangaa watu hawageuki.

Padre kauliza Utatu. Mdomo ukajibu. Kauliza Ekaristi. Ukajibu, taratibu, kwa maneno ambayo hata Padre aliyatikisia kichwa. Akina mama wakaguna kwa furaha. Mama Mwenyekiti akamfinya jirani yake: mkwe huyo!

Padre akacheka, kaniuliza nimejifunza vipi haraka hivyo.

Nikasema: sikujifunza, Padre. Nimekaa tu.

Watu wakacheka. Walidhani ni unyenyekevu. Nikataka kuinuka. Miguu ilikubali, bega likakataa. Kulikuwa na kitu juu ya bega langu la kushoto, chepesi, chenye vidole.

Padre akauliza, kwa nini unataka ubatizo?

Nikasema: namtaka yule aliyesimama mlangoni, na mama yake hanipi bila ubatizo.

Hakuna aliyecheka tena. Kinyozi mwenyewe kainama. Padre akaniuliza kwa upole, na Mungu je, unamwamini?

Mdomo ukakaa kimya. Nikaogopa. Nami nilikuwa nangoja jibu kama watu wote, maana kwa kweli sikuwa nalijua. Halafu ukasema: ndiyo. Ila namkimbia, kwa sababu kwake sina cha kuuza.

Mama Mwenyekiti kainuka huko nyuma. Hakuomba ruhusa. Kauliza, na mwanangu, unampenda au unacheza?

Nikasema: nampenda. Na nimemdanganya kila siku toka tujuane. Hiyo miwani uliyovaa, mama, ivue usije ukaanguka.

Kavua.

Bega likawa jepesi. Nilipoinuka ubao ulikuwa baridi kama jiwe la kaburi.

Jumapili, 22 Machi

Sibatizwi Pasaka hii. Padre kasema hajakasirika, lile jibu la kumkimbia Mungu lilikuwa zuri kuliko yote, ila narudi mwanzo, swali la kwanza, mpaka niyajue mwenyewe. Katekista kaniomba kitu kimoja tu: nisikae tena pale. Kaniomba kama mtu anayeombea nyumba yake.

Mama Mwenyekiti hataki kuniona. Fundi ndiye kaja. Kasema siku zote alijua mimi mwongo, ila hakujua kama nampenda, na jana kalisikia mbele ya Padre. Atangoja mwaka mmoja. Shati kalitundika. Ila kakunja uso: nijifunze kweli, kwa kichwa changu mwenyewe. Siku ya kuapa altareni anataka kusikia mimi, si mtu mwingine.

Nikaapa. Nililia kidogo. Kuanzia leo mimi ni mtu mpya!

Jumanne, 31 Machi

Kitabu hiki kina maswali mengi jamani.

Nimepata habari nzuri. Kanisa la ng'ambo ya daraja, katekista wao haulizi mmoja mmoja. Anauliza wote, na wote mnajibu kwa pamoja! Nani atajua nani kasema nini? Unafungua mdomo, unafumba, unafungua, unafumba.

Leo nimekwenda kujaribu. Nimekaa nyuma kabisa, mlangoni, pasipo na historia. Kauliza swali la kwanza, wakajibu kwa kishindo mpaka madirisha yakalia. Nilifungua mdomo bila kutoa hata pumzi. Hakuna aliyenigeukia. Kazi rahisi kama kulala!

Walipokuwa wakijibu la pili nikahesabu vichwa, kwa mazoea tu. Sauti zilikuwa nyingi kuliko vinywa. Lakini hilo halinihusu. Ijumaa narudi.