Vita vya Gego la Bonaventura na Firigisi ya Jogoo Mzee

Tegeni masikio, enyi wa Ikungi na wa Ilongero, nanyi wa Itigi mnaongoja treni hamna la kufanya. Acheni alizeti zenu juani mje, niwasimulie vita ambavyo hakuna redio iliyovitangaza, vilivyopiganwa mahali pembamba kuliko mlango wa banda la kuku, yaani katika kinywa cha Bonaventura wa Mungaa, Simba wa Mezani, Mvunja Mifupa, mume wa Raheli.

Katika ukoo wa shujaa huyu kuna sheria moja isiyopindwa: kuku akichinjwa kwa ajili ya wageni, firigisi hupewa mkubwa wa nyumba, naye huitafuna mbele ya wote, na akiisha kuimeza ndiye msemaji wa siku hiyo. Ikimshinda hunyamaza, nayo firigisi humwendea anayemfuata kwa umri, awe wa damu au shemeji. Sasa wakwe walikuwa wanakuja Jumapili kumposa binti yake Ritha, na wiki hiyo hiyo, kwa msiba, gego kuu la Bonaventura likapambana na mfupa wa mbuzi, likameguka, likaacha shimo ambalo, naapa, nyuki wangehamia na ukoo wao wote.

Anayemfuata ni Chediel, kaka yake Raheli. Alikuja kutoa pole huku meno yote nje.

"Shemeji, pumzisha taya," akasema. "Jumapili nitatafuna mimi, na wakwe nitasema nao mimi. Wewe utakunywa mchuzi."

Ritha aliposikia alilia, kwa maana alimpenda yule kijana wa kumwoa, na alimjua mjomba wake. Alipomsemea mpwa mwingine, Chediel aliwasifia wakwe ng'ombe wake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaaga bila kuposa.

Hapo Bonaventura akaondoka kwa ghadhabu, akaparamia bodaboda kama apandaye farasi wa vita, akaupasua upepo wa Singida mpaka mjini, akajitupa katika kiti cha Dakta Hanifa, tabibu wa meno, kiti kilalacho chenyewe kama ng'ombe aliyeshiba. Dakta akampa shikamoo, akachungulia, akasema shimo ataliziba kwa kauri chotara.

Shujaa akainua kichwa. "Binti yangu, kwangu kuku chotara hajawahi kukanyaga hata uani. Leo chotara aingie kinywani?"

Dakta akamweleza taratibu kwamba unga wa kauri peke yake ni mgumu ila huvunjika, na utomvu wa jamii ya plastiki peke yake haupasuki ila hulika upesi. Vikifungamanishwa vikawa mwili mmoja, hupatikana kitu kigumu chenye uvumilivu, na ndugu zake hupakwa hata kwenye vioo vya miwani visichubuke.

"Kumbe ni ukuta wa nyumba ya tembe," akasema Bonaventura, uso ukimng'aa. "Udongo mtupu hupasuka. Ukitia mavi ya ng'ombe, ukuta unasimama mpaka wajukuu. Haya binti, piga lipu."

Dakta, akicheka, akasema wazo ni hilo hilo ila mavi hatatia. Akalijaza shimo tabaka kwa tabaka, kila tabaka akilimulika kwa taa ya buluu mpaka likakauka papo hapo, kisha akamwambia anaweza kula hata leo.

Lakini shujaa alikwisha kusikia la tembe, la daktari hakulisikia. Nani Mungaa aliyeegemea lipu siku ile ile? Ukuta mpya hukaushwa na jua. Basi akaketi uani, kinywa wazi kulielekea jua, siku baada ya siku, hali kitu ila uji kwa shavu la pili, na Raheli akimfukuzia inzi kwa kanga huku akimsema. Wapita njia wakamwamkia shikamoo, na kwa kuwa shikamoo haiachwi hewani, akawajibu "Aahaaa" kwa sauti ya pangoni, mpaka ikavuma kijijini kwamba mzee kapandwa na kitu. Chediel akaanza mazoezi ya hotuba.

Jumapili ikafika. Chediel mwenyewe alichagua jogoo, mzee wa majogoo, aliyewika tangu Ritha yuko darasa la kwanza, akawaharakisha wapishi ili firigisi isioshwe sana wala isikae motoni. Ikaletwa, nyeusi, ikimetameta kama ngao. Bonaventura akaiuma. Ikateleza kushoto, ikajificha chini ya ulimi, ikarudi na kumpiga kumbo shavuni. Jasho likamtiririka. Chediel akausogeza mkono kwenye sahani. Hapo shujaa akaiburuta mpaka juu ya gego jipya, akashusha taya.

Kak.

Kila mtu alisikia. Raheli akafumba macho. Bonaventura akapapasa kwa ulimi, polepole, kisha akatoa kwa vidole viwili changarawe iliyokuwa tumboni mwa jogoo, imepasuka katikati, akaiweka mbele ya shemeji yake. Akatafuna firigisi iliyobaki. Akameza.

Stefano, mkubwa wa wakwe, akaomba kuliona gego hilo. Akachungulia kwa tochi ya simu, akakawia kama anayekagua shamba, akawapisha wenzake nao wakaona, mmoja mmoja, kwa heshima.

Ndipo msemaji akasimama, na nyumba nzima ikatega sikio kuipokea hotuba iliyopiganiwa hivyo.

"Wakwe zangu, Ritha amewakubali, na mimi nimekubali," akasema. "Sasa tule, nina njaa."

Wakala. Chediel akaletewa bawa. Na hata leo, mtu wa Mungaa ukimwuliza Ritha aliposwa lini, hatakutajia mvua wala mavuno. Atakwambia ni mwaka ule lilipokauka gego la Bonaventura.