Mkanda wa Shotikati na Safari ya Kibondo

Jumatatu, 14 Julai

Leo ni leo! Bi Asmahani, mwenye steshenari ninayofanyia kazi hapa karibu na stendi ya Kasulu, ametangaza kwamba anafungua duka la pili Kibondo. Mmoja wetu atakwenda kulisimamia. Mimi au Reverien. Jibu atatoa Jumapili.

Kibondo! Tunu wangu yuko Kibondo! Niliinama chini ya kaunta nikijifanya naokota wino wa printa, kumbe nacheka peke yangu.

Niandike wazi, maana hapa ni maisha yangu yanazungumzwa. Baba yake Tunu, Mzee Saidi, anauza vitenge sokoni Kibondo. Amesema hatoi binti kwa mtu wa kukaa Kasulu na kupiga simu. Anataka mkwe atakayemwona kila asubuhi kwa macho yake. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Nikishindwa, yuko Hashimu, mwenye duka la vipuri vya pikipiki karibu na msikiti. Hashimu! Mtu ana meno yote na kiwanja juu.

Kwa hiyo lazima Reverien aanguke. Hana kosa lolote, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ametoka Nyakitonto, anacheka na kila mtu, na wazee wote wanataka wahudumiwe na yeye kwa sababu anawazungumzisha Kiha cha nyumbani. Mimi bibi yangu alitoka Ujiji. Kiha changu kinaishia kwenye bei ya nyanya.

Lakini udhaifu wake nimeuona. Kompyuta yetu ina mkanda upande wa kulia wa skrini, umejaa shotikati, vile vipicha vidogo ambavyo ukibofya kimoja kazi inafunguka. Kadi za michango ya harusi, mikataba ya mashamba, barua za maombi, picha za pasipoti. Sasa, Reverien hasomi majina ya vipicha hivyo. Anajua mahali tu. Cha juu kabisa harusi, kinachofuata shamba. Nikivipanga upya amekwisha. Mimi nitabaki pale, mtu asiyeweza kukosekana. Na mtu asiyeweza kukosekana ndiye anayepandishwa cheo. Hilo halihitaji shule.

Jumanne, 15 Julai

Mpango umekwenda vizuri. Yaani, ulianza vizuri.

Asubuhi kaja Mzee Ntirampeba kutoka Kagerankanda, anataka mkataba wa shamba. Salamu za Kiha hazina haraka. Reverien aliacha kiti, akainama, wakaanza kupigiana makofi ya heshima taratibu. Mwakeye, mwakeye. Kisha watoto, ng'ombe, maharage, wakwe, halafu ng'ombe tena. Mimi huku nimeshakalia kiti chake na mausi mkononi. Walipofika kwa wakwe, mkanda wote nilikuwa nimeuvuruga. Ng'ombe wa mara ya pili walinikuta dirishani napiga mluzi.

Reverien karudi, kabofya palepale penye shamba siku zote, kaandika jina la mzee bila hata kuinua macho, kachapa. Ikatoka kadi yenye maua na njiwa wawili, inamwomba Mzee Ntirampeba achangie harusi. Nikajiandaa kusikia matusi. Mzee akacheka mpaka akashika ukuta! Akauliza bibi harusi ni binti wa nani, na kama kutakuwa na nyama. Reverien naye akacheka. Wameagana kama ndugu. Mzee ameahidi kumletea mkungu wa ndizi.

Mchana ikawa zamu yangu. Mwalimu mmoja, mama wa makamo, alitaka barua ya kuomba uhamisho. Nikabofya, nikaandika, nikachapa. Barua ikatoka na keki ya ghorofa juu yake. Kumbe na mimi nilikuwa najua mahali tu! Mwalimu hakucheka hata kidogo. Alimwita Bi Asmahani. Bi Asmahani akanitazama kwa juu ya miwani, akasema siku hizi nina mawazo mengi.

Ndiyo, ninayo. Na yote yananirudia mwenyewe.

Jumatano, 16 Julai

Kosa la jana ni kufanya nusunusu. Leo niliamua kuufuta mkanda wote. Itatokea taharuki, kila mtu atashika kichwa, nami nitaurudisha mbele ya macho ya Bi Asmahani. Nani atapelekwa Kibondo hapo?

Reverien alitoka nje kupokea ndizi zake. Mzee ameleta kweli! Nikabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, nikachagua kufunga. Kompyuta ikaniuliza jambo refu kwa Kiingereza. Nikajibu ndiyo, kama ninavyoijibu siku zote. Mkanda ukaenda zake. Skrini ikabaki na picha ya pipa la taka tu.

Bi Asmahani akapiga yowe. Nikaja. Nikakunja mikono ya shati. Nikamwambia, mama, tulia, haya mambo niachie mimi. Nikabofya kulia. Nikabofya kushoto. Nikazima, nikawasha. Nikaipiga kidogo ubavuni. Pipa la taka likaendelea kunitazama.

Ya Rabi, hautaki kurudi!

Wakati huohuo ikaingia kamati nzima ya harusi kutoka Nyakitonto, imefuata kadi zake. Nikawaambia mtandao uko chini. Mwenyekiti wao akauliza kadi na mtandao wapi na wapi. Nikajifanya sijasikia. Reverien akawakalisha kwenye benchi, akawagawia ndizi mbivu, wakapiga soga, wakaondoka bila kadi wakimshukuru. Wanamshukuru kwa lipi? Hata kadi hawakupata!

Sijala. Samaki wangu, mgebuka, amepoa kwenye sahani. Nikifukuzwa kazi wiki hii, Tunu anaolewa mwezi ujao, na mimi nitakuwa mtu wa kusimuliwa pilau lilikuwaje.

Alhamisi, 17 Julai

Aibu! Natamani ardhi ya Kasulu ipasuke iniweke ndani.

Nilitafuta kwenye simu video ya kufundisha kurudisha mkanda. Kijana wa kwenye video anasema haraka kama anakimbizwa, lakini niliambulia: tengeneza mkanda mpya, uoneshe folda, mkanda utaonesha kila kilichomo ndani yake. Nikatengeneza. Nikaonesha folda. Mkanda ukarudi! Nikanyanyua mikono juu, nikageukia wateja nipokee pongezi.

Hakuna aliyenipongeza. Walikuwa wanasoma.

Folda niliyoonesha ilikuwa yangu binafsi. Skrini nzima upande wa kulia, kuanzia juu: Tunu shairi la kwanza. Tunu shairi la pili. Tunu shairi la mwisho. Tunu shairi la mwisho kabisa. Mimi na suti ya kuazima. Yule mwalimu wa barua ya keki alikuwepo, tena mbele kabisa. Aliomba nifungue la mwisho kabisa.

Reverien peke yake hakucheka. Alizima skrini, akawaambia watu wapishe. Sitaki huruma yake.

Bi Asmahani akaniita nyuma, kwenye maboksi ya karatasi, akauliza Tunu ni nani. Nikamweleza yote. Mzee Saidi, mwisho wa mwezi, Hashimu na meno yake. Sauti ikanikatika katikati, na wala sikuwa naigiza. Nampenda yule binti. Nikisikia tu simu yake ikiita, hata joto la printa silisikii. Bi Asmahani akanipa leso yake. Akasema kumbe ndivyo, mwanangu. Akasema nitulie, nisifanye jambo lolote mpaka Jumapili.

Nisifanye lolote! Maana yake anasitasita. Maana yake Reverien yuko mbele. Itabidi nifanye kitu kikubwa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeshinda! Alhamdulillahi!

Nilipotoka msikitini nikaipata folda yenyewe ya kazi za duka. Ilikuwa imejificha ndani ya folda nyingine, ndani ya nyingine tena. Nikauunda mkanda upya, ukakaa pale pale pa zamani, kila kitu ndani. Bi Asmahani alikuwa bado hajarudi kutoka sokoni. Mtu wa kawaida angeishia hapo.

Mimi nikabadilisha majina. Kadi za michango sasa zinaitwa Shangazi. Mikataba ya mashamba ni Mjomba. Barua ni Babu. Picha za pasipoti ni Bibi. Na vipicha vyenyewe nimevifanya vyote vifanane. Anayejua ukoo huu ni mimi peke yangu.

Reverien alikaa, akatazama, akajikuna kisogo. Aliniuliza kwa heshima, kaka Shamsi, mtu wa harusi nimpeleke kwa nani. Nikamwambia kwa Shangazi. Akaenda kwa Bibi. Mchana mzima alikuwa ananiita, na kila aliponiita nilipita mbele ya Bi Asmahani kwa mwendo wa polepole.

Mwishowe mama mwenyewe akaomba nimweleze naye ajue. Nikacheka kwa upole. Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu, mama, hata nikieleza utachoka bure. Alinitazama muda, akatikisa kichwa kukubali. Mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa!

Nimempigia Tunu. Nimemwambia amwambie mzee wake atandike mkeka, Jumapili naja.

Jumapili, 20 Julai

Anakwenda Reverien.

Nashindwa hata kuandika. Nimeweka kalamu chini, nimeichukua tena.

Bi Asmahani alituita wote wawili. Akasema tangu Jumatatu alikuwa ameshanichagua mimi. Mimi! Reverien alitakiwa kubaki Kasulu kwa sababu wazee wanampenda, mimi niende Kibondo kwa sababu hapa hata nisipokuwepo duka linakwenda. Alhamisi, aliposikia habari za Tunu, alifurahi zaidi, akaona amefanya jambo la heri. Ndiyo maana aliniambia nisifanye lolote.

Lakini Ijumaa ameona kwa macho yake. Mimi nikiondoka, hakuna atakayeweza kuifungua hata kadi moja. Akasema hawezi kufunga duka mama kwa ajili ya duka mtoto. Akanishika bega. Akasema moyo unamuuma kwa ajili ya yule binti, lakini mtu kama mimi haachiliwi.

Nikamwambia ni rahisi, mama! Namfundisha yeyote, sasa hivi, kabla chai haijapoa! Akasema nisijishushe. Nikarukia kompyuta nimwoneshe. Nikasema tazama, huyu ni Mjomba, ukimbofya unapata shamba. Nikabofya. Zikatoka picha za pasipoti. Nikasema basi ni huyu. Ikatoka keki. Bi Asmahani akavua miwani, akasema, wamwona, Reverien, mambo yenyewe hata mwenye fani yanamtoa jasho.

Reverien hakufurahi. Alinifuata mlangoni akaniuliza kama nina salamu zozote za Kibondo. Nilimwambia sina. Nilikuwa nazo nyingi mno.

Jumatatu, 28 Julai

Simu kutoka Kibondo asubuhi. Reverien. Amesema duka limefunguka vizuri, lakini kompyuta ya kule ni mpya, haina kitu. Anaomba nimtumie Shangazi kwa imeili, kuna mzee anataka kadi za michango.

Nikamuuliza mzee gani.

Akasema kwa sauti ya chini ni Mzee Saidi wa vitenge. Wamezoeana sana, kila asubuhi wanasalimiana na kupigiana makofi mpaka chai ichemke. Reverien amejaribu kunisemea. Amemwambia mimi ni mtu mzuri. Mzee akamjibu kwamba alitandika mkeka Jumapili ile, akakaa mpaka vumbi la basi la mwisho likatulia, akaukunja mwenyewe. Sasa wamekwishaelewana na Hashimu. Tunu alilia, kisha akaacha kulia.

Nilimtaka Reverien aandike kadi mwenyewe. Akasema hawezi, hamjui Shangazi. Bi Asmahani akasema kwa mwingine itaharibika, niiandike mimi, nimtumie ikiwa tayari kuchapwa. Hakuna mwingine anayeweza. Nikaketi. Nikabofya Bibi, nikabofya Babu, nikampata Shangazi. Nikaandika Tunu Saidi. Nikafuta, nikaandika tena. Nikaandika Hashimu. Nikaongeza njiwa wawili, kwa sababu hata ukiwa na kidonda, kazi ni kazi. Nikaituma.

Nimelia kwenye maboksi ya karatasi. Bi Asmahani akanipa leso ileile.

Lakini sasa, machozi yamekauka, nimeanza kufikiri vizuri. Kosa liko wapi? Kosa ni kwamba majina yalikuwa mepesi. Reverien amehitaji wiki moja tu kumkariri Shangazi kwa jina! Nikiyabadilisha tena, yakawa magumu hasa, Kibondo yote itakwama. Ya michango imeshakwenda, lakini bila kadi za mwaliko Hashimu atamuoa Tunu mbele ya nani? Bi Asmahani atalazimika kunipeleka mwenyewe, kwa basi la asubuhi, nikaokoe duka. Nitashuka stendi ya Kibondo nimevaa suti.

Naanza kesho Reverien akipiga simu. Shangazi ataitwa Shemeji.