Mwanabendi wa Nne

Taifa lilitangaziwa Jumatatu, kwa tarumbeta na barua yenye nakala sita, kwamba Wizara imeunda Kitengo cha Uhakiki wa Wanamuziki Waliosahaulika. Mkuu wa Kitengo ni mimi. Jukumu langu ni kuhakikisha hakumbukwi mtu kabla hajajaza fomu.

Chanzo ni santuri moja. Miaka ya sabini bendi ya fanki na souli iitwayo Kamba Mbichi ilirekodi wimbo mmoja. Wizara ikaona viuno vinatikiswa kupita kiwango, ikachukua vyombo vyote kwa uchunguzi wa muda. Muda huo haujaisha. Sisi si watu wa kukurupuka. Mwaka huu wageni wameiokota santuri hiyo sijui wapi, wakaandika magazetini kwamba pigo lake la nne linachelewa kidogo, na kuchelewa huko ni kutamu ajabu. Wizara ikabaini kuwa hapo pana fahari isiyosajiliwa, ikaamua bendi ipewe tuzo.

Wanabendi walikuja watatu. Mwimbaji, bibi anayeshona sare za shule. Mpiga ngoma, fundi baiskeli. Na mpiga besi, kaka yake mwimbaji, ambaye sikio la kushoto limekufa, na la kulia, daktari amesema, halifiki mwisho wa mwaka. Niliwapokea koridoni, kwa sababu amri ya zamani hairuhusu mwanabendi yeyote wa Kamba Mbichi kuvuka benchi la wageni. Ndiyo maana meza yangu imewekwa hapo.

"Mwanangu," mwimbaji akasema, "tuzo kaeni nayo. Sisi tunataka gitaa la kaka. Alisikie kabla sikio halijaziba."

Nikamweleza kwa upole kuwa vyombo hukabidhiwa bendi kamili. Kamati ya Kitengo ilikuwa imesikiliza santuri mara kumi na nne, bila mjumbe kutikisika, ikahesabu watu wanne.

"Tuko watatu. Hatujawahi kuwa wanne."

"Kamati inasikia sauti, gitaa, ngoma, na mtu anagonga kitu. Pa. Kwenye pigo la nne."

Wakatazamana. Mpiga ngoma akacheka mpaka akakohoa.

"Mleteni huyo wa nne," nikasema, nikawarudisha.

Wakaja tena. Nikawarudisha tena, safari hii kwa barua. Mara ya tatu mpiga besi alikaa benchini, akabandika kiganja ukutani, maana nyuma ya ukuta ule ndiko stoo iliko. Akamuuliza dada yake jambo. Dada akajibu kwa sauti iliyofika idara ya pili:

"Bado, kaka. Wanatafuta mtu ambaye hatukuwa naye."

Kisha akanigeukia. "Au tulikuwa naye. Wewe hujui zamani wimbo ulirekodiwaje? Ofisa wenu alikaa studio na muhuri. Tukiimba mstari, anausoma kwenye karatasi, anaufikiria, ndipo anagonga. Kila mstari. Na kila mara anachelewa. Ngoma ikabidi imsubiri."

"Ofisa huyo alikwenda wapi?"

"Juu. Yuko ghorofa ya tano."

Ghorofa ya tano yuko Katibu Mkuu tu, na zulia lake. Mkataba wake umeongezwa mara sita.

Nikamwandikia dokezo. Nilidhani atakana. Alishuka kwa ngazi, lifti hakuisubiri, akiwa na wapiga picha watatu na muhuri wa zamani mfukoni. Kumbe alikuwa amesoma magazeti ya wageni.

"Lile pigo ni langu," akawaambia. "Bila mimi hakuna wimbo."

"Hebu gonga, mdogo wangu," mwimbaji akasema. "Wakusikie."

Mwimbaji akaanzisha, mpiga ngoma akafuatisha kwenye kabati la mafaili, Katibu Mkuu akagonga mezani kwangu. Alichelewa vilevile. Kamati ikamthibitisha kwa kauli moja, naye akasaini fomu ya uanachama mbele ya kamera.

Stoo ikafunguliwa. Nyuzi zilikuwa na kutu. Mpiga besi aliegemeza taya kwenye ubao wa gitaa ili sauti impande mifupani, akapiga, akafumba macho.

"Linataka nyuzi mpya," akasema. Hakuacha kupiga.

Katibu Mkuu akaelekea kwenye lifti. Nikasimama mbele yake.

"Samahani, Mheshimiwa. Mwanabendi havuki benchi."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Ndiyo. Umesaini hapa."

"Futa hiyo amri."

"Amri inafutwa na Katibu Mkuu, Mheshimiwa. Ofisini kwake, ghorofa ya tano."

Wapiga picha waliendelea kupiga picha. Mwimbaji, aliyekuwa ameketi benchini, akasogea kidogo, akapigapiga ubao kando yake.

"Kaa, baba. Benchi gumu, lakini utalizoea. Mwenzako wa besi kalizoea."

Leo ni siku ya kumi na moja. Wanabendi watatu walishaondoka na vyombo vyao. Yeye bado yupo. Akichoka hugonga goti, na bado anachelewa. Ghorofa ya tano inapigwa deki kila asubuhi.

Wizara imeniandikia niombe radhi kwa maandishi, ndani ya siku saba. Barua hiyo haina saini, kwa kuwa mwenye kusaini yuko koridoni. Hata ingekuwa nayo, jibu langu ni hilihili, nakala sita: siombi radhi.