Trekta na Jaji Waenda Masijala

Jumatano, gazeti la kaunti lilipotua tu pale dukani kwa Mama Donati, Trekta alilinyaka kabla mtu mwingine hajaligusa. Akavaa miwani, akakohoa, akasoma kwa sauti ya kutangaza msiba: "Kuanzia wiki hii, kumbukumbu za mali za wakazi wote wa kaunti zitaonekana bure kwenye kompyuta ya masijala, chini ya jengo la mahakama. Mtu yeyote anaruhusiwa kutafuta jina la yeyote."

Akalikunja gazeti taratibu. "La yeyote! Ukuta, mwambie huyo mwenzako ajiandae. Leo ndiyo tunajua kama kafulia au hajafulia."

Ukuta ni mimi. Nakaa kiti cha katikati pale kaunta, Trekta kulia, Jaji kushoto, na wawili hao hawasemeshani tangu Trekta alipoukata mti wa jozi, ule wa kokwa ngumu, uliokuwa kwenye mpaka wa viwanja vyao, miaka kumi na tisa iliyopita. Ni majirani, dirisha kwa dirisha, na kila asubuhi ya Mungu wanakuja hapa kutosemeshana. Trekta anaitwa Vernon Pickell. Jina la Trekta tulimbatiza sisi, kwa anavyokoroma kanisani. Jaji ni Delmar Stroud. Aliwahi kuteuliwa kukaa kwenye baraza la mahakama siku tatu, kesi ya nguruwe wa wizi, na hajapona mpaka leo.

"Mwambie," akasema Jaji bila kugeuka, "mimi na kufilisika hatujuani hata kwa salamu."

"Muulize gari lake liko wapi! Wiki ya tatu hii anakuja kwa miguu."

"Liko kwa fundi!"

"Muulize na donati. Zamani alikuwa anakula mbili. Siku hizi anakula nusu, nusu anaifunga kwenye kitambaa. Huyo si mtu aliyefilisika?"

"Daktari kanikataza sukari!"

"Daktari gani anakataza nusu?"

Mama Donati, jina lake hasa Lurlene, akapita na birika la kahawa. "Vernon, si unahama wewe? Ya Jaji ya nini tena?"

Kweli, alikuwa anahama. Daktari alimwambia mgongo wake umekwisha, akishika koleo la theluji msimu mmoja zaidi atazolewa yeye. Binti yake aliyeko Arizona, jangwani kusikojua theluji, akamtafutia chumba kule, na mnunuzi wa nyumba alikuwa anakuja Ijumaa. Trekta alikuwa akiisema hiyo Arizona kama mtu anayetaja tarehe ya kung'olewa jino.

"Ndiyo maana nina haraka," akamjibu Mama Donati. "Siwezi kuondoka Indiana bila kujua. Nitakufa na dukuduku."

"Mwambie aondoke tu," akasema Jaji, "mtaa upate usingizi. Na mwambie, kama ni mwanamume, tuvuke barabara sasa hivi tukatafute hilo jina langu. Mimi ni msafi! Enzi zile nipo barazani..."

"Nguruwe!" tukaitikia wote.

Tukavuka. Masijala iko chini ya ardhi, inanukia karatasi na supu ya Bi Ardith, mama aliyekaa humo miaka thelathini na moja na hajawahi kuharakishwa na mtu. Trekta akajilaza juu ya kaunta yake.

"Bi Ardith, shikamoo yako. Nitolee kufilisika kwa Delmar Stroud."

"Hakupo."

"Hata hujatafuta!"

"Kufilisika hakukai hapa, Vernon. Hiyo ni mahakama ya shirikisho, mjini Indianapolis. Kaunti haina kufilisika."

"Kaunti nzima hii? Na ile barabara yenye mashimo?"

"Mtu akifilisika, faili lake liko kule. Hapa mimi nina ardhi. Hati za nyumba, rehani, na madeni yaliyobandikwa kwenye nyumba. Unataka au hutaki?"

Jaji akatunisha kifua. "Mwambie atazame rehani! Nyumba yangu nyeupe kama theluji, haina deni la senti. Bi Ardith, andika Stroud, Delmar. Soma kwa sauti, wasikie mpaka juu."

Bi Ardith akabonyeza, akasubiri, akaonja supu. "Stroud, Delmar. Rehani hakuna. Deni hakuna."

"Umeona!"

"Kiwanja namba kumi na moja. Nyumba ya vyumba vitatu, gereji ya magari mawili."

Jaji hana gereji. Mwenye gereji ni Trekta.

"Hiyo gereji ni yangu," akasema Trekta.

Bi Ardith akavua miwani, akavaa nyingine, akaandika jina la pili. "Pickell, Vernon. Kiwanja namba kumi na mbili. Vyumba vitatu, kibanda cha kuku." Akatutazama mmoja mmoja. "Nyie mlinunua lini?"

Walinunua siku moja, mnada mmoja, marehemu mmoja, nyumba mbili zinazofanana. Walikuwa marafiki wakati huo. Wakaenda pamoja kusaini, wakabadilishana kalamu, wakacheka, wakasaini bila kusoma kwa sababu Mama Donati alikuwa ametoa pai ya krimu ya moto siku hiyo. Kila mmoja akasaini na kuchukua hati ya nyumba ya mwenzake, na kwa miaka thelathini na sita hakuna aliyeifungua.

"Ndiyo maana!" Jaji akapiga kelele. "Kila mwaka natozwa kodi ya gereji! Nimelalamika mpaka sauti imekauka!"

"Ulilalamika kwa mwenye duka la donati, Delmar," akasema Bi Ardith. "Kwangu hukuja."

Lakini Trekta alikuwa amesimama wima, mgongo au si mgongo, uso unang'aa kama mtoto aliyepewa baiskeli. "Ngoja kwanza. Kiwanja kumi na mbili ni changu?"

"Kwa karatasi, ndiyo."

"Na mti wa jozi ulikuwa kiwanja kumi na mbili?"

"Kwa mchoro huu, futi nne ndani."

"Basi nilikata mti wangu! Miaka kumi na tisa nimenuniwa kwa kukata mti wangu mwenyewe! We Jaji, niombe radhi!"

"Nikuombe radhi mimi? Wewe unayelala kwenye nyumba yangu? Kodi ya pango iko wapi? Na ule mlango uliupaka rangi ya zambarau kwa ruhusa ya nani?"

"Na wewe kuku wako wanafanya nini kwenye kibanda changu? Hama! Nakupa siku thelathini!"

"Nakupa kumi na nne!"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimepoteza kazi. Walikuwa wanatukanana ana kwa ana, mate kwa mate, na mimi nimebanwa katikati bila mtu wa kuniambia nimwambie nani. Nilifurahi, lakini sikuthubutu kucheka.

Bi Ardith akagonga kaunta kwa kijiko. "Tulieni! Ni karatasi moja tu ya masahihisho. Mnakuja wote wawili, mnasaini mbele yangu, kila mtu anarudishiwa nyumba yake. Asiposaini mmoja, Vernon huna cha kumuuzia mtu."

Trekta akanywea. Akamtazama Jaji. "Utasaini Ijumaa?"

"Nitafikiria," akasema Jaji kwa madaha. "Sisi wenye nyumba huwa hatukurupuki."

Alhamisi yote Jaji hakuonekana kwa Mama Donati. Trekta alikunywa kahawa vikombe vitano, akaniuliza mara saba kama namwona barabarani.

Ijumaa saa nne tulikuwa masijala. Trekta kavaa shati la pasi. Mnunuzi, kijana mwenye viatu vyeupe, yuko juu anasubiri kwenye gari. Karatasi iko mezani, kalamu juu yake. Jaji akaingia wa mwisho, kwapani kabana kitabu kinene chenye vumbi.

"Saini, Delmar," akasema Bi Ardith. "Supu yangu inapoa."

"Swali moja kwa mpangaji wangu. Kule Arizona kuna nini?"

"Jua," akasema Trekta.

"Na nini kingine?"

Trekta akafikiria sana. "Jua tena."

"Kwa Mama Donati kama hivi kupo?"

"Kuna mashine. Unatumbukiza sarafu, inakutemea kahawa."

"Sasa unaenda kufanya nini, we mzee?"

"Si nimeshasema? Theluji!" Trekta akapandisha sauti. "Unadhani napenda? Siwezi tena kuzoa theluji, Delmar. Nisipoizoa sitoki ndani, nisipotoka ndani nitakufa humo na nyie mtadhani nimenuna. Saini tumalize."

Jaji akalibwaga lile buku lake mezani, vumbi likaingia kwenye supu. "Sheria ndogo za mji. Nimezisoma usiku na mchana. Sikiliza. 'Theluji iliyo mbele ya nyumba na kwenye njia yake ya gari itazolewa na mwenye nyumba, kwa mujibu wa hati, kabla ya saa tatu asubuhi.' Bi Ardith, kiwanja kumi na moja, mwenye hati nani?"

"Wewe."

"Mpangaji anahusika?"

"Haijaandikwa."

Jaji akaisukuma ile kalamu ikabiringika mpaka chini ya kabati. "Basi sisaini."

Trekta akamgeukia. "Na theluji ya kiwanja kumi na mbili je? Si ni yangu mimi?"

"Hiyo nitakusaidia kuizoa, halafu nitakushtaki kwa uzembe."

"Utashindwa kesi."

"Enzi zile nipo barazani..."

"Nguruwe!" akasema Trekta, akageuka ukutani, akapenga kamasi kwa nguvu. Kisha akatoa simu akampigia binti yake. "Mwanangu, nyumba haiuziki. Siyo yangu... Ya Jaji... Jaji ni nani? Ni baba mwenye nyumba wangu! Kijana mkali sana, ana miaka sabini na tatu."

Bi Ardith akaikunja karatasi ya masahihisho, akaiweka chini ya bakuli la supu lisiunguze meza. Mimi nikatumwa juu kumwambia yule wa viatu vyeupe arudi kwao.

Theluji ya kwanza ilidondoka Jumanne ya wiki ya pili. Nilipita mtaani kwao saa moja asubuhi, nikamkuta Jaji ameinama mbele ya gereji ya Trekta, koleo mkononi, anatoka jasho na matusi. Dirishani kasimama Trekta na nguo za kulalia, kikombe kimejaa, anagonga kioo kwa kijiko.

"We mwenye nyumba! Hapo pembeni umeparuka!"