Farasi Dimma na Lori la Karatasi za Chooni

Jumatatu, 7 Julai

Mkutano wa chama cha farasi cha bonde letu, hapa Aisilandi, ukumbi umejaa. Habari kubwa! Sóldís, binti wa dada yangu, miaka kumi na tisa, kachaguliwa kwenda mashindano ya dunia Uholanzi! Yeye na farasi wake jike mweusi, Dimma, aliyemlea tangu ana siku moja. Vigelegele. Kisha tatizo: nafasi ya farasi kwenye ndege ya mizigo lazima ilipwe kabla ya Jumapili jioni, na dada yangu hana kitu. Wa kwanza kusimama nani? Mimi, Ketill. Nikajiteua mwenyekiti wa mchango kabla mtu hajafumbua mdomo. Steinunn wa kikundi cha kina mama akasema yeye atakaanga chapati za maji. Nikamwambia, mama, hapa panatakiwa kichwa cha biashara, mtu aliyefika bandari za Hull na Bremerhaven. Akajibu kwamba nilifika kama mpishi wa meli, na meli ikaniacha huko. Wivu huo.

Nimeagiza karatasi za chooni za kuuza. Hakuna mchango huku usioanza na karatasi za chooni. Lori zima! Bwana wa kiwandani akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia ndugu yangu, mimi nimewauzia Waingereza samaki wao wenyewe.

Jumatano, 9 Julai

Lori limefika. Banda langu limejaa hadi dari. Nikaanza mlango kwa mlango. Msiba! Wasichana wa kandanda walipita Mei na karatasi za chooni. Watoto wa kipaimara wakapita na karatasi za chooni. Kwaya ya Gunnsteinn, inayotaka kwenda kuimba ng'ambo, mjini Praha, bado inapita nazo. Bibi Ragna akanifungulia chumba cha wageni: karatasi za chooni mpaka dirishani. Akaniambia, mwanangu, mimi nina miaka themanini na minane, hebu piga hesabu mwenyewe. Nikapiga. Nikanywa kahawa yake, nikaaga.

Mauzo ya leo: furushi moja. Mnunuzi ni mimi.

Alhamisi, 10 Julai

Akili imekuja! Asubuhi nikaingia dimbwi la maji moto pale kwenye bwawa la kuogelea, ambako habari zote za bonde hili hupikwa. Nikamnong'oneza mke wa Gunnsteinn, kwa siri kubwa, kwamba mashine ya kiwandani imeungua na karatasi hazitaonekana mpaka Krismasi. Nikajilaza majini kungoja matunda.

Baada ya saa moja tu, bonde limechachamaa. Watu wanakimbilia kununua. Kwa nani? Kwa Gunnsteinn! Gereji yake inatazamana na bwawa. Banda langu liko kilomita kumi na moja kutoka hapo. Kamaliza mzigo wote, na mimi bado nimo majini najipongeza, vidole vimekunjamana kama zabibu kavu.

Ijumaa, 11 Julai

Mwenye duka kapiga simu kiwandani. Kiwandani wamecheka sana. Kufika saa nne watu wanarudisha karatasi, tena kwangu! Gunnsteinn kawaambia mwenye uongo ndiye mwenye kurudisha pesa. Nikawalipa. Ningefanyaje, ni majirani. Sasa nina karatasi nyingi kuliko zilizoshushwa na lori.

Nikaenda kwa Sóldís kumwomba radhi. Nikamkuta kaficha uso kwenye shingo ya Dimma, analia. Nikasema usilie mwanangu, mjomba wako hajashindwa bado. Akasema: mjomba, naomba ushindwe.

Nikakaa chini, juu ya ndoo. Mtu akitoka Aisilandi hurudi. Farasi wetu akitoka, sheria haimruhusu kurudi, milele. Kila mtoto hapa anajua. Hata mimi najua, ila wiki nzima nilikuwa naona medali tu. Kumbe kocha kamtafutia farasi wa kuazima huko huko Uholanzi, mzuri kabisa. Anachohitaji Sóldís ni tiketi yake mwenyewe. Lakini bonde zima linajikamua kwa ajili ya Dimma, atawaambia kwa mdomo gani? Nikamwapia kwamba siri yake naifukia. Na kuhusu kushindwa, nikamwambia, hapo umempata fundi.

Jumamosi, 12 Julai

Balaa! Pesa zinaingia! Steinunn na chapati zake, malai na jamu, foleni hadi kanisani. Bibi Ragna kauza kondoo wawili. Mchana kwaya ikapiga kura: pesa yote ya Praha apewe Dimma. Gunnsteinn akaja mwenyewe na bahasha, machozi yanamlengalenga. Nikaona dawa ni kumkasirisha aondoke nayo. Nikamwambia kwaya yake inaimba kama sili waliobanwa na mawe. Akasema pole Ketill, umechoka. Akaongeza za mfukoni mwake. Mtu gani huyu!

Jumapili, 13 Julai

Ukumbini, saa kumi. Pesa imetimia na ziada. Steinunn kashika simu, anataka kuilipia ndege. Sóldís kakaa mbele, anatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Mpango wangu ulikuwa kuzima umeme. Nikabonyeza swichi, ikawaka feni ya jikoni. Nikabonyeza nyingine, feni ikaongeza kasi. Steinunn anataja namba za kadi. Basi mdomo ukafunguka wenyewe: subirini, mtoto hataki! Nikamwaga yote, siri pamoja na kiapo changu.

Feni inavuma.

Kisha Bibi Ragna akasema Mungu asifiwe, yeye hajapata usingizi tangu Jumatatu akimfikiria yule mnyama. Steinunn akakata simu, akasema hata yeye. Gunnsteinn naye. Ukumbi mzima! Kila mmoja alichanga kwa moyo mzito, akidhani mwenzake ndiye anayetaka. Watu wakashusha pumzi, wakacheka, wakalia kidogo. Sóldís akanikumbatia mpaka mbavu zikapiga kelele. Tiketi yake imelipwa kwa pesa ya chapati. Bibi Ragna karudishiwa kondoo, kwaya bahasha yake. Gunnsteinn kasema safari ya Praha itapitia Uholanzi, wamshangilie, sili wote.

Nilirudi kwa miguu kupitia malishoni. Dimma anakula majani, hana habari. Nikasimama naye kidogo. Kitu kiliniingia machoni. Upepo.

Jumatatu, 14 Julai

Wanasema nilisema ukweli, na ukweli ndio uliotuokoa. Hawaelewi mikakati. Sóldís amekuja saa nne na keki, ana ombi moja tu: mjomba, usiagize kitu chochote tena. Nikamwahidi, mkono kifuani, na mimi nikiahidi nimeahidi.

Ila saa tatu nilikuwa nimeshampigia mtu wa fulana. Fulana mia sita za mashabiki, DIMMA BINGWA WA DUNIA, na picha ya Dimma mbele, maana ya yule farasi wa Uholanzi sina. Bonde lina watu mia mbili na kumi na mmoja, pamoja na mchungaji. Nimepiga hesabu vizuri safari hii: hata fulana tatu kila mtu hazifiki, na kwa baridi yetu hii mtu huvaa nne.