Kuitukana Hamira

Jumatatu, 3 Juni
Bibi shamba, Bu Endah, amekutana na kikundi chetu cha wakulima wa mapapai. Kila mtu kapewa chupa moja ya hamira. Si ya mikate. Hii imetolewa kwenye ganda la papai lenyewe, nayo ni muuaji: inatoa sumu inayomaliza kuvu ya madoa meusi, mlaji haimdhuru. Chovya mapapai kumi, yafungie sandukuni, Jumatatu ijayo tufungue mbele ya wote. Shamba la mshindi litakuwa la mfano, na kibao kando ya barabara. Nakitaka. Miaka kumi na tisa kikundini, sijachaguliwa hata kusimamia chai! Jirani yangu Wagiman anakitaka pia. Ameshakuwa mwenyekiti mara mbili, hatosheki?

Jumanne, 4 Juni
Nimewaza. Mke wangu Lasmini akinyunyizia hamira muhogo wa kutengenezea tape, kile kitafunwa chetu kitamu cha muhogo uliovundikwa, hanuni wala hasemi vibaya. Akinuna, tape huchacha badala ya kuwa tamu. Wilaya yetu nzima ya Boyolali inajua. Basi hamira husikia. Ya utamu huambiwa mazuri. Ya kuua je? Itukanwe! Nimeimimina ndooni na maji na sukari, ipate nguvu. Bu Endah alikataza kuongeza kitu, lakini yeye hajawahi kupika tape.

Jumatano, 5 Juni
Matusi ya jumla yameisha kabla ya chai. Nikahamia ya Wagiman, hayo hayaniishii: bahili, mla mipaka, hukoroma msikitini wakati wa hotuba. Povu likapanda. Imekasirika.

Alhamisi, 6 Juni
Wagiman alisimama kwenye wigo akanisikiliza muda mrefu. "Pak Tukiran, kama una neno na mimi, nipe mimi. Hiyo ndoo imekukosea nini?" Nikamjibu ni mambo ya kitaalamu. Lasmini anasema sokoni wanamuuliza kama mumewe ni mzima. Nimechovya mapapai yangu kumi.

Jumapili, 9 Juni
Sisimizi wamepanga foleni hadi sandukuni. Sikuwafukuza. Penye wengi hapaharibiki neno. Nimechimba shimo la kibao.

Jumatatu, 10 Juni
Ya Wagiman: kumi, hayana doa. Yangu: tisa meusi, na la kumi limebonyea, sisimizi wakamtembelea Bu Endah mkononi. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Bu Endah akaniuliza kwa upole niliongeza nini. Nikasema sukari kidogo. Akasema kuvu nayo inapenda sukari. Niliona aibu, sifichi. Nimerudi nyumbani nikafukia shimo.

Jumanne, 11 Juni
Wagiman kaja na nusu ya chupa yake. Kasema, "Chukua, Mas, kaka yangu. Chovya tu, usiongeze kitu, usiitukane. Yakitoka safi, nitamwomba Bu Endah kibao tukiweke mpakani, majina yetu mawili." Lasmini akafuta machozi. Mimi nikamshukuru vizuri, nikamsindikiza hadi kwenye wigo. Lakini si mjinga mimi. Nani humpa jirani kitu kinachofanya kazi? Nimeimwaga migombani.

Kosa langu nimeliona. Nilihangaika na hamira, kumbe wa kushughulikiwa ni kuvu. Nimechagua papai lenye madoa makubwa kuliko yote, nimeliweka mezani. Kesho asubuhi naanza kulisifu, kuvu ivimbe kichwa, iache kazi.