Mgongo Usiouma

Jumatatu, 3 Machi
Kazi imeanza. Tunajaribu dodoso la wagonjwa wa malengelenge ya sehemu za siri: ugonjwa umewaharibia vipi usingizi, raha, ndoa. Mgonjwa anasoma swali kwa sauti, anaeleza ameelewa nini. Wiki ijayo anajibu tena, tuone kama majibu yanalingana. Daktari ametuonya tusiongeze swali hata moja. Nimeitikia kwa adabu zote.

Hakuna ajuaye kwamba na mimi ninao ugonjwa huu. Hata mke wangu. Hasa mke wangu! Tangu mwezi uliopita namwambia mgongo unaniuma, nalala kwenye kochi. Lakini nina mpango. Wagonjwa hawa wengine wameshawaambia wake zao. Nitawauliza kijanja walisemaje, kisha nichague maneno yaliyo bora.

Jumatano, 5 Machi
Dereva wa lori alimwambia mkewe kwa simu, akiwa safarini. Mwaka umepita, bado yuko safarini. Fundi cherehani alilia tu. Tishu zote za ofisi zimeisha. Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, alinisikia nikiuliza yasiyomo kwenye dodoso. Akatabasamu. Mchongezi yule!

Kisha mgonjwa wa tatu, namwita Mzee wa Kofia. Dhahabu! Alimwambia mkewe wakikunja nguo, taratibu, naye akajibu tu pole mume wangu. Nguo! Mbona sikufikiria nguo?

Ijumaa, 7 Machi
Nimefua bila kuombwa. Tukakunja. Tulipofika kwenye mashuka nikafungua mdomo. Mke wangu akauliza nimefanya kosa gani. Nikasema nataka kusaidia tu. Akasema mwenye mgongo mbovu haruhusiwi kuinama, akaninyang'anya shuka. Baadaye akanikanda kwa maji ya moto, mgongo mzima, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka hoi. Niliona aibu.

Jumatatu, 10 Machi
Miwani amenichongea. Daktari hakufoka, afadhali angefoka. Alisema wagonjwa wanatuamini, na mimi nawachimba kwa faida yangu.

Mzee wa Kofia akarudi kwa zamu ya pili. Wiki jana alijibu kwamba ndoa yake haikuathirika hata kidogo. Leo imeathirika sana. Ikabidi nimuulize lipi ni la kweli. Akavua kofia. Hajawahi kumwambia mkewe lolote. Habari ya nguo aliitunga. Mkewe amehamia kwa binti yao tangu Jumamosi, akiamini mzee ana mwanamke nje.

“Ulionekana unataka sana kusikia kwamba inawezekana,” alisema. “Sikupenda kukuvunja moyo, mwanangu.”

Jumanne, 11 Machi
Mke wangu alizima redio, akaketi kwenye ukingo wa kochi langu.

“Kama kuna jambo niambie leo,” alisema. “Lolote nitalivumilia. Kufichwa ndiko siwezi.”

Nilimkumbuka mzee na kofia yake mkononi. Nilimpenda mke wangu mno wakati ule. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi.

Nikasema ni mgongo.

Aliinuka akaenda kulala bila kuniaga.

Jumatano, 12 Machi
Begi la mke wangu limeshushwa kutoka juu ya kabati, liko mlangoni. Nimelinyanyua: bado jepesi. Nimejuta asubuhi nzima, hata chai imenishinda. Nimelitafakari kosa langu kwa makini, na sasa nimeliona. Mgongo umechakaa, hauaminiki tena.

Kesho naanza kuchechemea.